Nani Amesoma Kazi Yako?

Matokeo ya KCSE yalipotoka, mdogo wangu alinitumia picha tatu kwa WhatsApp. Zote zilikuwa za kipeperushi cha chuo kidogo cha kibinafsi: nyasi zimekatwa vizuri, wanafunzi wanne wanacheka chini ya mti, na chini yao maneno makubwa ya samawati yanayoahidi MADARASA MADOGO. "Bro, hapa vipi?" akaandika. "Mama amesema nikuulize wewe kwanza."

Nilicheka peke yangu. Kuniuliza mimi habari za chuo ni kama kumuuliza aliyeshuka matatu kabla ya steji kama safari ilikuwa poa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Na chuo chenyewe, ambacho sitakitaja na si kati ya vyuo nitakavyovitaja humu, kilikuwa kidogo vilevile. Darasa letu la fasihi lilikuwa na watu 26. Lekchara alitujua kwa majina, angalau wale wa viti vya mbele.

Muhula mmoja niliandika insha ya kurasa 12. Nilikuwa nimeanza kushuku kitu, kwa hivyo katika ukurasa wa saba nikapachika aya nzima kuhusu jinsi ya kupika madondo ya nazi. Niliweka hata kipimo cha chumvi. Baada ya wiki tano insha ilirudi. Kila ukurasa ulikuwa na tiki nyekundu, wa saba ukiwemo, na mwisho kabisa 15 juu ya 20. Hakuna neno jingine.

Simlaumu sana yule lekchara. Alikuwa anafunza vyuo vitatu, analipwa kwa kozi, na mara nyingine tulimwona akikimbilia matatu kabla hatujafunga madaftari. Karo nayo ilikuwa imenilemea tayari. Lakini nilipopigiwa simu na ofisi ya fedha kuambiwa naweza kuomba muda zaidi wa kulipa, nilikumbuka ile tiki ya ukurasa wa saba, na sikuomba.

Kwa hivyo swali la mdogo wangu lilinishika pabaya. Kipeperushi kinasema darasa dogo. Mimi nilikaa kwenye darasa dogo. Kama udogo si ubora, basi ubora wa chuo kidogo hutoka wapi? Nimekuwa nikisoma historia ya vyuo vidogo vya Marekani kwa sababu lugha ya vile vipeperushi, nyasi na mti na yote, imetoka huko. Na kuna chuo kimoja ambacho kisa chake kinajibu swali hili kuliko vingine vyote nilivyosoma.

*

Marekani kuna aina ya chuo ambayo hapa kwetu haijazoeleka sana. Ni kidogo, cha kibinafsi, mara nyingi kilianzishwa na dhehebu fulani la Kikristo katika karne ya 19, na hakifunzi udaktari wala uwakili. Mwanafunzi anakaa miaka minne, anasoma fasihi, hisabati, historia, fizikia na falsafa, kisha ndipo anaenda kwingine kutafuta taaluma. Elimu hiyo huitwa sanaa huria, huria kwa maana ya elimu inayomfaa mtu huru, si mtu aliyefungwa kwenye kazi moja.

Swarthmore ni mojawapo. Iko Pennsylvania, safari fupi ya treni kutoka Philadelphia. Ilianzishwa mwaka wa 1864 na Waquaker, wale wa dhehebu la Friends ambao ndugu zao wa tawi jingine walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Tangu ilipofungua milango mwaka wa 1869 ilichukua wavulana na wasichana pamoja, jambo ambalo vyuo vingi vya Marekani wakati huo havikuthubutu.

Sasa ruka hadi mwaka wa 1920. Swarthmore ina wanafunzi kama 500 hivi. Ni wachache kuliko wanafunzi wa shule nyingi za upili unazozijua hapa Nairobi. Nyasi zipo, miti ipo, madarasa ni madogo. Na chuo chenyewe ni cha kawaida tu. Watu wanakijua kwa futboli ya Kimarekani, kwa densi, na kwa vile vyama vya wanafunzi ambavyo huwezi kuingia mpaka ualikwe. Masomo yanaendelea, ndiyo, lakini kwa mtindo ambao mimi na wewe tunaujua: mwalimu anasoma noti, mwanafunzi anaandika noti, mtihani unauliza noti, na mwalimu yuleyule anasahihisha.

Hapo ndipo napenda kuanzia hadithi. Chuo kilikuwa tayari na kila kitu ambacho kipeperushi kinaahidi, na bado hakikuwa kizuri.

*

Mwaka wa 1921 walipata mkuu mpya, au rais kama Wamarekani wanavyowaita wakuu wa vyuo. Jina lake Frank Aydelotte. Alizaliwa Indiana mwaka wa 1880, alicheza futboli chuoni, akawa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka wa 1905 alipata ufadhili wa Rhodes kwenda Oxford, Uingereza.

Hapa lazima nisimame kidogo. Ufadhili huo unatoka kwa pesa za Cecil Rhodes. Ndiyo, huyo huyo, wa almasi za Kimberley na ardhi iliyonyakuliwa kusini mwa Afrika. Kwa hivyo fikra iliyobadilisha chuo kidogo cha Waquaker kule Pennsylvania ilisafirishwa kwa jasho la wachimbaji Waafrika. Hakuna kipeperushi kitakachokwambia hivyo, na sisemi ili kuharibu stori. Nasema kwa sababu tunapozungumza kuhusu elimu bora, ni vizuri pia tuulize nani aliilipia.

Oxford, Aydelotte aliona mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi alikuwa anaandika insha, anaipeleka kwa mwalimu wake, na wanakaa kuijadili, sentensi kwa sentensi. La pili ni dogo kiasi kwamba unaweza kulipita bila kuliona: mwalimu aliyekufunza siye aliyeamua kama umepita. Mtihani wa mwisho ulikuwa mikononi mwa watu wengine.

Aliporudi Marekani alifunza kwanza Indiana, halafu akaenda chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, ambako kazi yake ilikuwa kuwafanya wahandisi wasome na waandike Kiingereza cha maana. Kwa miaka mingi pia alisimamia ufadhili wa Rhodes kwa upande wa Marekani. Alipofika Swarthmore alikuwa na miaka 40 hivi na alijua anachotaka. Mwaka wa 1922 akaanzisha mpango wa heshima. Usiuchanganye na shahada za heshima ambazo wanasiasa wetu hupewa bila kukaa mtihani wowote. Huu ulikuwa kinyume chake kabisa.

*

Ulifanya kazi hivi. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi alisoma kama wengine. Akifika mwaka wa tatu, kama anataka na walimu wakikubali, anaachana na madarasa ya kawaida. Badala ya kozi tano zinazomvuta huku na huku, anachukua semina mbili tu kwa muhula. Kila semina inakutana mara moja kwa wiki, wanafunzi watano au sita pamoja na mwalimu, kwa saa kadhaa, na mara nyingi nyumbani kwa mwalimu. Kabla ya kukutana, kila mtu amesoma vitabu vya wiki hiyo na baadhi wameandika makala. Makala yanasomwa, yanachambuliwa, yanapingwa. Hakuna rejista ya mahudhurio. Hakuna alama za kila muhula.

Halafu, baada ya miaka miwili ya maisha hayo, wanakuja watahini wa nje. Ni wasomi kutoka vyuo vingine ambao hawajawahi kumwona mwanafunzi huyo. Wao ndio wanaotunga mitihani ya kuandika, wao ndio wanaosahihisha, kisha wanamkalisha chini na kumhoji ana kwa ana. Wao ndio wanaosema kama anapata heshima, heshima kuu, au heshima kuu kabisa. Na kama hakufikia, wao ndio wanaosema.

Mara ya kwanza nilipoisoma sehemu hii nilidhani maana yake ni ukali tu: mtihani mgumu, mgeni asiyekuonea huruma. Ilinichukua muda kuona kilichobadilika hasa.

Mwalimu anapokuwa pia ndiye hakimu, wewe mwanafunzi unamsoma yeye badala ya kusoma kitabu. Unataka kujua anapenda nini, amekaririsha nini mwaka jana, wasee waliotangulia waliachiwa maswali gani. Unaogopa kumwambia kuwa hujaelewa, maana yeye ndiye mwenye kalamu nyekundu. Lakini siku hakimu akitoka nje ya chuo, mwalimu anahamisha kiti. Anatoka upande wa pili wa meza na kuja kukaa upande wako. Sasa nyote wawili mnajiandaa kwa ajili ya mtu mmoja mgeni, na ukimwambia sijaelewa ukurasa huu, hilo linakuwa tatizo lenu, si aibu yako. Ni kama kocha na mchezaji. Kocha hawezi kukupa ushindi hata akikupenda vipi.

Na kuna upande mwingine. Mtahini wa nje anampima pia mwalimu. Ukiwafunza wanafunzi wako noti za miaka kumi iliyopita, mgeni kutoka chuo kingine atakuja, atauliza kilichoandikwa mwaka huu, na wanafunzi wako watanyamaza mbele yake. Mwalimu aliyelala anaamshwa bila hata barua ya onyo.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache. Wangeenea kwenye matatu moja ya watu 14. Masomo ya kwanza yalikuwa fasihi ya Kiingereza na sayansi za jamii, kisha idara nyingine zikafuata. Baadaye Aydelotte aliandika kitabu kuhusu mipango ya aina hii kote Marekani, kikatoka mwaka wa 1944, na jina lake linazungumzia kuvunja ule mwendo wa kupiga hatua pamoja kama wafungwa waliofungwa mnyororo mmoja. Hilo ndilo lililokuwa lalamiko lake kuu. Darasa la kawaida linatembea kwa mwendo wa mwanafunzi wa wastani. Mwenye kasi anazuiwa, mwenye pole anaburutwa, na mwisho wote wanafika mahali pamoja bila yeyote kuwa ametembea kwa miguu yake.

*

Huenda unafikiria: sawa, lakini hiyo si ni bei ghali?

Ni ghali sana. Mwalimu anayekaa na wanafunzi watano jioni nzima hawezi wakati huohuo kusimama mbele ya wanafunzi mia. Lazima uajiri walimu zaidi, ununue vitabu zaidi, uwalipe watahini nauli na ada. Aydelotte alitumia sehemu kubwa ya kazi yake akitafuta pesa, na Bodi ya Elimu ya Jumla, iliyokuwa ikigawa pesa za familia ya Rockefeller, ilimsaidia. Kisichosemwa sana ni kwamba alichagua pia kutokua. Alikibakisha chuo kwenye idadi ileile ya wanafunzi, karibu 500, wakati angeweza kujaza madarasa na kuchukua karo. Pesa iliyokuja iliingia kwenye walimu. Vyuo vingi vikipata pesa vinajenga jengo lenye jina la mtoaji, kwa sababu jengo linaonekana kutoka barabarani. Semina ya watu watano haionekani kutoka popote.

Mpango haukumfaa kila mtu. Wengi waliendelea na madarasa ya kawaida, na ilikuwa rahisi kwao kujiona kama abiria wa daraja la pili. Na kuna doa ambalo siwezi kulipita. Katika miaka yote ya Aydelotte, mlango wa chuo hicho cha Waquaker, watu waliopinga utumwa tangu zamani, haukuwa wazi kwa Wamarekani weusi. Wanafunzi weusi walianza kuingia miaka ya 1940, yeye akiwa ameshaondoka kwenda kuongoza Taasisi ya Masomo ya Juu kule Princeton. Kwa hivyo tukisifu zile jioni za semina, tukumbuke nani alikuwa amekaa kwenye viti na nani hakuruhusiwa hata kubisha hodi.

Pia haukudumu bila kuyumba. Miongo ilipopita wanafunzi walianza kuukwepa, hadi miaka ya 1990 chuo kikalazimika kuufanyia marekebisho ili urudishe uhai. Lakini upo hadi leo. Kila mwisho wa mwaka wa masomo watahini wa nje bado wanafika, na wanafunzi bado wanakaa nao ana kwa ana.

Waliotoka enzi zile? James Michener, mtoto aliyelelewa na mama mlezi maskini, alipata ufadhili, akamaliza mwaka wa 1929 na baadaye akawa mwandishi aliyesomwa na mamilioni. Christian Anfinsen alimaliza mwaka wa 1937 na mwaka wa 1972 akapata tuzo ya Nobel ya kemia. Lakini ninayempenda zaidi kwa ajili ya hoja hii ni kijana mwingine, aliyemaliza mwaka wa 1932. Jina lake Clark Kerr.

*

Kerr alitoka kwenye chuo cha watu 500 akaja kuongoza mojawapo ya vyuo vikuu vikubwa zaidi duniani. Mwaka wa 1958 alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha California chote, kampasi zote. Mwaka wa 1960 alikuwa mtu mkuu nyuma ya Mpango Kabambe wa California, ulioahidi nafasi ya elimu ya juu kwa kila mhitimu wa shule aliyeitaka. Hiyo ndiyo ndoto ambayo hata serikali zetu huiimba. Na mwaka wa 1964, kwenye kampasi ya Berkeley, wanafunzi walimgeuka. Walikuwa wanapigania haki ya kuzungumza siasa kampasini, lakini chini ya hilo kulikuwa na uchungu mwingine: kwamba chuo kimekuwa kiwanda, na wao ni kadi tu za kupitishwa kwenye kompyuta.

Jambo ni kwamba Kerr mwenyewe alikuwa amelijua tatizo hilo kabla yao. Pamoja na rafiki yake Dean McHenry, waliyekaa chumba kimoja walipokuwa wanafunzi Stanford, alikuwa anapanga kampasi mpya kule Santa Cruz, ikafunguliwa mwaka wa 1965. Wazo lao lilikuwa kuwa na Swarthmore ndani ya chuo kikuu cha umma: kampasi kubwa iliyogawanywa kuwa vyuo vidogo vidogo, wanafunzi na walimu wakiishi karibu. Na badala ya alama za herufi, mwalimu alipaswa kumwandikia kila mwanafunzi maelezo ya kazi yake: umefanya nini, umeelewa wapi, umekwama wapi.

Fikiria hilo kidogo. Huwezi kuandika aya nzima kuhusu kazi ya mtu kama hujaisoma. Madondo yangu ya nazi yasingepita Santa Cruz.

Ila nako idadi ilipanda, mzigo wa kuandika ukawalemea walimu, na mwaka wa 2000 walimu wenyewe wakapiga kura ya kurejesha herufi. Sioni hilo kama ushindi wala kama kushindwa. Linaonyesha kitu ambacho Aydelotte alikijua: kusoma kazi ya mwanafunzi ni kazi, inakula saa, na kama chuo hakijazilipia saa hizo basi hazitakuwepo, hata kama jina la mfumo ni zuri namna gani.

*

Sisi tunaingilia wapi? Kwanza, Wakenya walishapita kwenye vyuo vidogo kama hivi. Mwaka wa 1959, ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na miaka iliyofuata wakaenda wengine mamia. Tunapenda kuwaza walienda Harvard. Wengi walitawanyika kwenye miji midogo ambayo hata Wamarekani wengine hawaijui. Wangari Maathai alifika Atchison, Kansas, mwaka wa 1960, kwenye chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica. Alisomea biolojia, na pembeni yake kemia na Kijerumani, akamaliza mwaka wa 1964. Miaka 40 baadaye akapata Nobel ya amani. Chuo kile hata hakipo tena kwa jina hilo. Mwaka wa 1971 kiliunganishwa na cha wanaume kilichokuwa jirani.

Pili, huku kwetu mtahini wa nje si mgeni. Makerere ilipoingia kwenye uhusiano maalum na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949, na Nairobi ilipofuata mwaka wa 1961, mitihani yetu ilipitia mikononi mwa Waingereza na shahada ikawa ya London. Nia yake ilikuwa kulinda jina la shahada, kwamba ya Nairobi ni sawa na ya London. Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama chenyewe mwaka wa 1970, lakini mtahini wa nje akabaki kwenye taratibu za vyuo vyetu, vya umma na vya kibinafsi.

Kwa hivyo Aydelotte na sisi tulichukua chombo kimoja kutoka nchi moja. Yeye alikichukua akakiweka mwanzoni: kwa sababu mgeni atakuja, sasa tufunze hivi. Sisi tulikiweka mwishoni, kama muhuri. Kwenye chuo changu tulimjua mtahini wa nje kwa jina tu. Tulisikia amekuja, tukasikia amekwenda. Mitihani ilikuwa imeshatungwa na kusahihishwa, na yeye alipewa baadhi ya karatasi aangalie. Sina shaka aliangalia vizuri. Lakini hakukuwa na kiti chochote kilichohamishwa. Lekchara wangu alibaki upande ule wa meza, na mimi upande huu, na kati yetu rundo la insha ambalo hakuna aliyelipwa kulisoma.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema elimu bora ni ya nchi tajiri tu, sisi tusijisumbue. Pesa ni lazima, sikatai. Lakini chuo chenye wanafunzi 500 na madarasa ya watu 26 tayari kimeshalipia sehemu ngumu zaidi, ambayo ni uchache. Kinachobaki ni kuamua uchache huo utatumika vipi. Ajiri lekchara mmoja wa kudumu badala ya watatu wa kukimbiakimbia. Punguza kozi, ongeza uandishi. Badilishana na chuo jirani: walimu wao watunge na kusahihisha mtihani wenu, wenu wasahihishe wao, na wanafunzi wahojiwe ana kwa ana na mtu ambaye hawajawahi kumwona. Hiyo ni nauli ya matatu na sahani ya chapo. Haihitaji Rockefeller.

*

Nilimjibu mdogo wangu siku ya tatu, kwa ujumbe wa sauti mrefu ambao najua aliusikiliza kwa kasi mara mbili. Nilimwambia asiulize darasa lina watu wangapi. Amwulize mwanafunzi yeyote atakayekutana naye pale, asiwe amepangwa na ofisi, maswali matatu. Mara ya mwisho kurudishiwa kazi, mwalimu alikuandikia nini? Kuna lekchara ambaye unaweza kumwambia sijaelewa? Nani, nje ya hiki chuo, amewahi kusoma ulichoandika?

Jumamosi akaenda na Mama kwenye siku ya wageni. Walizungushwa. Waliona maktaba, hosteli, na ule mti wenyewe. Mama alipenda. Wakati Mama anaongea na mtu wa ofisi ya fedha, mdogo wangu alimfuata msichana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na daftari, akamuuliza swali la kwanza.

Msichana, kwa mujibu wa mdogo wangu, alimwangalia kwa muda. Hakukasirika. Alifikiria kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Halafu akasema, "Kwani huwa wanaandika?"

Jumamosi ijayo wana chuo kingine cha kutembelea. Mama ameniambia niende nao.